Tundu la Sita, Zima

Mwanga wa faiba hauonekani. Hili nimelisema misibani, harusini na sokoni, na bado hakuna anayeniamini. Watu wamezoea yale mapambo ya plastiki yenye ncha zinazometameta, wakadhani ndani ya nyaya zetu kunapita kitu kama hicho, chekundu, cha kupendeza. Hapana. Mwanga wetu wa kazi, jicho la binadamu halikuumbiwa kuuona. Unaweza kushika waya, ukautazama kichwa chake, ukaona kijitundu cheusi tu, na wakati huohuo mwanga unakupiga moja kwa moja kwenye mboni. Husikii joto wala muwasho. Ndiyo maana niliuogopa tangu siku ya kwanza na ninauogopa hata leo, na fundi anayejisifu kwamba haogopi, mimi sipandi naye gari moja.

Mimi ni fundi wa faiba, Tanga mjini na barabara yote ya kwenda Pangani. Ukitaja kazi hiyo watu hukuona mtu wa akili nyingi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu ni usafi. Kila waya wa faiba una kichwa mwishoni, kidude cha plastiki cha kijani au cha buluu, na katikati ya kichwa kuna ncha ya kioo iliyo nyembamba kama unywele. Cha kijani uso wake umekatwa mshazari, cha buluu umenyooka, na ukivilazimisha kukutana vinaumizana kama wakewenza. Kichwa hicho kinachomekwa kwenye transiva. Transiva ni kidude cha bati kinachokaa kiganjani, kirefu kidogo kuliko kiberiti. Kinapokea umeme upande mmoja na kutoa mwanga upande wa pili, na mwenzake aliye mbali anaupokea ule mwanga na kuurudisha kuwa umeme. Simu yako, picha za harusi, mawaidha anayosikiliza shangazi yako jikoni, vyote vinapita hapo kwa kuwashwa na kuzimwa, kuwashwa na kuzimwa. Punje moja ya vumbi ikikaa kwenye ile ncha, mji mzima unapata kwikwi. Na kwetu vumbi halijawahi kuadimika, tena likija linakuja na chumvi ya bahari. Kwa hiyo unakitazama kichwa kwa darubini ndogo, unakipangusa kwa spiriti, unakitazama tena, ndipo unakichomeka.

Uoga wangu lakini haukuanzia kazini. Niliutoa nyumbani.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani hapa Makorora, na presha ya macho ndiyo iliyomtoa kwenye cherehani. Ilimwanzia pembeni. Akawa anagonga mwimo wa mlango, anamwaga chai iliyo ubavuni pake, anapishana na rafiki zake asiwaitikie. Tulimcheka. Mama, Mungu amrehemu, alimwambia uzee umebisha hodi. Siku alipokwenda hospitali alikuwa amebakiwa na kipande cha katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye mrija, na baadaye hicho nacho kikaenda. Sasa anaona mwanga wa mlango: anajua umefunguliwa au umefungwa, basi. Kila jioni baada ya magharibi namtilia matone ili hata huo mlango asije akanyimwa. Mtu aliyemtilia baba yake matone miaka yote hiyo hawezi kuchezea macho yake. Watu husema wanalinda kitu kama mboni ya jicho. Mimi nilikuwa nailinda mboni yenyewe.

Siku hizo nilikuwa pia na ugomvi na jirani yetu, bibi anayekaa barazani kwake, mkono wa kushoto ukielekea mlangoni kwetu. Alimlalamikia baba kwamba nimeota pembe, kwamba tangu nianze kuvaa kofia ngumu na buti napita mbele yake bila salamu. Nilipokwenda kujitetea akanipokea kwa sauti ya kusikiwa mtaa wote: "Shikamoo hutoi, marahaba yangu nimpe nani, mbuzi?" Nikaapa kwamba sikumwona. Akacheka kwa dharau, akawauliza waliokuwa karibu kama yeye amekuwa jini. Baba aliniaibisha kwa ukimya wa siku nzima, na mimi nikamkasirikia bibi yule, maana kwa kweli sikumwona.

Sasa nieleze namna tulivyofanya kazi, kwa kuwa balaa lilitoka humo humo. Kabla hujatazama kichwa chochote kwa darubini, mwanga lazima uzimwe kule unakotoka. Unakotoka ni kituoni mjini, na pale kituoni hukaa mwenzangu, baba wa familia kutoka milima ya Lushoto, mzee wa kanisa, mtu mpole hadi upole wake unanichosha. Mbele yake kuna safu ya matundu, kila tundu na transiva yake. Mimi nikiwa njiani nampigia simu, nasema tundu la ngapi, zima. Yeye anazima, kisha anarudia: zima. Neno likirudi ujue kazi imefanyika. Hatukufundishwa hivyo na yeyote. Simu za barabarani hukatika, maneno mengi huliwa na upepo, tukajizoeza neno moja la kwenda na lilelile la kurudi. Tulijiona wajanja.

Asubuhi ile nilikuwa Mwera, upande wa Pangani. Mtandao wa Pangani ulikuwa unashika na kuachia tangu alfajiri. Zahanati walikuwa hawapati kutuma taarifa zao, mawakala wa pesa wanatukanwa na wateja, na mimi natukanwa na mawakala. Hapo jirani walikuwa wanatengeneza barabara, katapila linakwenda na kurudi, na kabati letu la nyaya lilikuwa limevaa vumbi jekundu mpaka kwenye bawaba. Kosa nililijua kabla sijalifungua kabati. Darubini yetu nzuri, ile yenye kioo cha kutazamia kama simu, wenzangu walikuwa wameondoka nayo kwenda Muheza. Nilibaki na ile kuukuu ya kubandika jichoni. Nilikuwa siipendi. Ilinunuliwa rahisi, na nilipouliza kama ina chujio la kuzuia mwanga mbaya, kila mtu ofisini alimtazama mwenzake.

Nikapiga simu. Katapila lilikuwa linanguruma nyuma yangu.

"Tundu la sita, zima."

Kimya kidogo. Kisha sauti ile ya upole: "Zima."

Nikachomoa kichwa, nikakipachika kwenye darubini, nikabandika jicho la kulia. Siku zote natazama kwa la kulia. Nikaliona vumbi lenyewe limeganda pembeni ya ile ncha mfano wa ukoko wa wali. Nikazungusha kirungu cha darubini mpaka likaonekana vizuri. Nilikaa nalitazama, tena kwa raha, kwa sababu fundi akishaukamata ubovu huwa anauonea fahari kidogo. Nikapangusa kwa spiriti, nikabandika jicho tena. Kichwa kikawa safi, kinang'aa, hakina doa. Nikakitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Simu ikaita.

"Dada, samahani," akasema mwenzangu. "La sita limepiga kelele ghafla, kama mtu amelichomoa. Nilikuwa nakungoja uniambie nizime lipi."

Sikumwelewa. Nikamwuliza, "Si umelizima la sita?"

"La sita? Hapana dada. Linawaka. Uliniuliza kama ni zima, nikatazama taa zake, nikakwambia zima."

Kuna lugha, nasikia, ambazo kuuliza na kuamuru ni maneno mbalimbali. Yetu huachia sauti ifanye kazi hiyo. Ukiipandisha mwishoni, tundu la sita zima? unauliza kama halina ubovu. Ukiishusha, unaamuru lizimwe. Katapila lilikuwa limeula mkia wa sauti yangu. Yeye akasikia swali, akaniambia kwa uaminifu wote kwamba tundu ni zima, afya tele. Mimi nikasikia neno langu limerudi. Miaka yote tulikuwa tunatupiana neno moja lenye maana mbili zinazopigana, na hakuna aliyegundua.

Nilikaa chini hapohapo kwenye vumbi. Transiva ya tundu la sita si ya kuvusha mtaa mmoja. Ni ya masafa marefu, ya kusukuma mwanga mpaka Pangani. Na darubini kazi yake ni kukusanya mwanga na kuuingiza wote jichoni. Nikafumba macho, nikayafumbua. Nikaiona barabara, katapila, mnazi uliokatwa kichwa, mkono wangu. Nikajiambia naona. Halafu nikakumbuka kwamba baba naye alikuwa akisema hivyohivyo.

"Dada? Dada, uko hapo?"

"Zima," nikamwambia. "Yaani uzime. Wewe, kwa kidole chako."

"Nimezima mimi," akasema. Alikuwa ameshaelewa.

Nikachomeka kichwa, akawasha, Pangani wakapona kwikwi. Hakuna aliyepiga simu kushukuru; mtandao ni kama figo, hutajwa ukiuma tu.

Siku zilizofuata sitamtakia hata adui. Kila nikiamka nililifumba jicho la kushoto na kuliuliza la kulia: unaona? Nililisomesha maneno ya kanga iliyotundikwa mlangoni, tarehe kwenye kalenda ya msikiti, herufi ndogo kwenye pakiti ya majani ya chai. Lilisoma yote. Nami sikuliamini. Nikitazama ukuta mweupe niliona vidoa vinaelea, nikitazama jua la asubuhi nililia machozi, nikitia udhu nilihisi maji yanaunguza. Nilipekua mtandaoni, kwenye faiba hiyohiyo niliyoisafisha, nikasoma kwamba jicho likiungua kwa nyuma haliumi. Basi kutouma nako kukawa dalili. Nilikosa usingizi, nilikosa hamu ya kula, na nikipewa darubini mikono ilinitoka jasho hata ikawa sishiki sawasawa.

Mwenzangu alinipigia kila asubuhi. Aliniomba radhi, akaniambia mkewe ananiombea, kikundi chao cha sala kinaniombea. Nikamwambia awaambie wataje jicho kwa ukamilifu, la kulia, wasije wakaombea tundu lingine. Hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka, peke yangu, kicheko kibaya.

Nyumbani sikusema kitu. Ningemwambiaje? Mtu anayelala na giza umwambie mimi mwanao nami nanyemelewa na giza? Lakini baba hahitaji macho kumsoma mtu. Jioni moja nilikuwa natoka jikoni na sinia la chakula chake nikaugonga mwimo wa mlango kwa bega. Bilauri ikalia, mchuzi ukanimwagikia.

"Mwimo huo huo tena," akasema.

"Begi la vifaa, baba. Lanivuta upande."

Kweli nilikuwa na alama ya kuvilia damu begani, ambayo muda mrefu nilikuwa nikilisingizia begi. Baba akageuza uso kidogo, anavyofanya akitaka sikio lake lishike vizuri.

"Begi umelitua ulipoingia," akasema. "Nimelisikia."

Nikaliweka sinia chini, nikamweleza habari yote ya Mwera, katapila, tundu la sita, neno lile, jicho langu la kulia. Nilieleza nikilia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo sikuliona lina maana:

"Wagonga bega lipi?"

"La kushoto."

"Haya. Kesho wenda kliniki. Wakutazame yote mawili, wasikia? Yote mawili."

Nilidhani ni uzee na hofu ya mzazi.

Kliniki ya macho nilipokelewa na daktari mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, anayeongea polepole kama anayetembea na kikombe kilichojaa. Alinitia dawa ya kupanua mboni, akaniweka kidevu kwenye kitegemeo cha chuma, akanimulika. Nilimweleza mwanga wetu, transiva, darubini. Alisikiliza kwa makini, akalitazama jicho la kulia muda mrefu, mbele, nyuma.

"Jicho hili zima," akasema.

Niliruka kwenye kiti. Yeye akaruka pia. Ikabidi nimweleze tena kwamba neno hilo kwangu lina kisirani, na kwamba naomba alirudie kwa maneno mengine. Akacheka sana. "Halina ubaya wowote, mama. Hakuna palipoungua. Linaona vizuri kuliko langu." Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilitaka kuinuka niende zangu, nimpigie mwenzangu simu awapumzishe wale waombaji. Nilikuwa nimeshashika mkoba.

"Nimalizie na hili la pili," akasema.

Nikamwambia la pili halikutazama kitu, halihusiki. Akasema kitambo kidogo tu. Akalimulika la kushoto. Akapima kitu, akapima tena. Halafu akaniuliza kama kwetu kuna mtu mwenye presha ya macho.

Alinipeleka kwenye mashine nyingine, mfano wa bakuli kubwa jeupe unaloingizia uso, ukapewa kitufe mkononi. Ndani ya bakuli huwaka vitaa vidogo, hapa na pale, kimoja kimoja, ukikiona unabonyeza. Tulianza na la kulia nikabonyeza kama mtu anayepiga chafya, huku, kule, juu, chini. Nilijisikia hodari. Kazi ya mwanga ndiyo kazi yangu. Akaliziba la kulia, tukahamia la kushoto. Kikawaka kimoja katikati, nikabonyeza. Kingine, nikabonyeza. Kisha ikawa kimya. Nikangoja. Bakuli lilikuwa jeupe, tulivu, halina kitu. Nilisikia mashine inalia polepole, tiki, tiki. Nikangoja tena, kidole juu ya kitufe, mpaka nikaona haya kwa ajili ya chombo chao.

"Daktari," nikasema, "mbona umezima?"

Akaniwekea mkono begani.

"Sijazima, mama," akasema. "Zinawaka."

Kilichokwenda hakirudi, ndivyo alivyonieleza. Kilichobaki kitalindwa kwa dawa, na tumshukuru Mungu kwamba nimekuja na bado kipo. Akasema wengi huwa hawaji, kwa kuwa jicho moja humfichia mwenzake aibu. Niliitikia kwa kichwa kila neno. Kilichokuwa kichwani mwangu ni ule mwimo wa mlango, bega langu, na baba amegeuza sikio.

Nilirudi Makorora alasiri kwa miguu, polepole, mkono ukigusa kuta. Nilipokaribia mlangoni nikageuza kichwa chote mkono wa kushoto, kwa nguvu, kama anayevuta shuka. Bibi jirani alikuwepo barazani, na kanga yake ya njano, na ungo wake wa mchele. Huenda alikuwepo kila siku.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba!" akajibu, akaacha kupepeta. "Leo ndo waniona?"

"Leo nimekuona, bibi."

Akafurahi mno. Akaniita mwanangu, akasema amenisamehe.

Baba alikuwa ameketi akielekea mlango. Alijua ni mimi kabla sijatoa salamu. Hakuuliza safari wala daktari.

"La kulia?"

"Zima, baba."

"Na la kushoto?"

Nikatafuta neno. Mimi niliyekuwa na neno moja la kila kitu, nilikosa hata hilo. Alinisikia nikilitafuta, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona siku alipopoteza cherehani wala siku tuliyomzika mama.

"Langu nalo lilianza la kushoto," akasema. "Lete matone yako."

Nilimwambia nitajitilia mwenyewe. Akanyoosha mkono wazi, hakuushusha, mpaka nikamkabidhi chupa. Ilikuwa dawa ileile yake, kifuniko kilekile. Nikapiga magoti mbele yake na kulaza kichwa nyuma. Vidole vyake vikapapasa paji langu, nyusi, vikashuka, vikalifungua jicho langu la kushoto. Mkono wenye chupa ulikuwa unazunguka juu yangu. Nikauona, ukapotea pembeni, nikauona tena. Tone likaangukia shavuni.

"Limeingia?"

"Limeingia, baba."

Kidole chake kilikuwa bado shavuni pangu, kimelowa.

"Muongo wewe," akasema. "Tulia, nirudie."